Kisigino cha Dobi

Kila asubuhi dobi alishuka kitandani kama mtu anayekanyaga misumari. Hatua ya kwanza ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Alichechemea, akazoea, maumivu yakapungua, akaenda kazini. Huko alisimama kutwa nzima kwenye sakafu ya saruji, peku, akipiga pasi mashuka meupe. Madobi wa pale hawavai viatu wasije wakachafua shuka la mteja. Ndivyo walivyofundishwa, na kaka yake alifanya vivyo hivyo mpaka kisigino kilipomshinda.

Kaka huyo sasa ni marehemu. Fundi mmoja wa mtaani, kasomea wapi hakuna ajuaye, alimchana kisigino kwa wembe amtoe "mwiba wa mfupa". Kidonda kikaoza, mguu ukakatwa, na bado hakupona.

"Kosa la kaka ni kuchelewa," dobi alimwambia shemeji yake, mke wa marehemu, anayeishi naye ua mmoja. "Mimi nachanwa kesho."

Shemeji alikwenda kumwita jirani yao muuguzi, aliyekuwa akisafisha kidonda cha marehemu.

Muuguzi aliminya kisigino. Dobi akaruka.

"Hapo hapo, dada."

"Asubuhi ndipo panauma zaidi?"

"Sana."

"Una kisukari? Ganzi, uvimbe, homa?"

"Hapana."

"Basi hakuna mwiba wa kutoa humo. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni. Ukisimama peku kwenye saruji kutwa, utando huo unavutika na kuumia. Ukilala, utando unakaza. Ukikanyaga asubuhi, unavutwa tena."

"Na kaka?"

"Alikuwa na hicho hicho. Kisigino hakikumuua. Kilichomuua ni ule wembe."

Dobi aliona aibu, na aliogopa.

Muuguzi akamwonyesha la kufanya. Kabla ya kushuka kitandani, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, ahesabu mpaka thelathini, arudie mara tatu. Kisha aegemee ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini. Jioni abingirishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi. Na avae viatu vyenye soli nene na laini, hata kazini.

"Ni miezi, si siku," alisema. "Wengi hupona bila kisu. Usipoona nafuu, njoo hospitali. Kwa mwenye wembe usiende."

Tajiri wake alinuna alipoona viatu. Dobi akatenga raba safi za kuvaa chumba cha pasi tu, na hakuna shuka lililochafuka.

Mwezi wa nne tangu siku ile, asubuhi moja, dobi alishuka kitandani akatembea moja kwa moja hadi uani. Shemeji alikuwa akiosha vyombo.

"Shemeji, hakiumi tena."

Mama wa watu aliitazama ile miguu.

"Kuvuta vidole na kuvaa viatu," alisema. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Shemeji akaketi chini pale pale kwenye maji, akalia mpaka majirani wakaja mbio, wakidhani kuna msiba mpya.