Sanduku la Dirishani kwa Mama

Watu walipigana vikumbo mlangoni mwa soko kuu, naye mtafiti mmoja wa wadudu alikuwa amebandika uso kwenye shina la mti kama anayeambiwa siri. Gauni lake la kijani lilikuwa na vumbi magotini, na lenzi ilining'inia shingoni.

"Dada, umepoteza kitu?" aliuliza mkata matawi wa manispaa, ovaroli yake ya rangi ya chungwa ikinukia utomvu.

"Nimepata," alijibu kwa sauti ndogo, akamkabidhi lenzi.

Chini ya utando laini kama hariri, wadudu wadogo kuliko punje ya mchele walitembea kwa kundi, wakigeuka pamoja kama kondoo. Alimweleza kwamba hawa ni wadudu wa magome. Hawaudhuru mti, wanakula tu kuvu na ukungu ulioota juu yake. Wa aina hii hakuwaona kwenye kitabu chochote, wala kwenye mti mwingine wowote. Mkata matawi alisahau alichotumwa.

Tangu hapo zikawa simu kila jioni. Mkata matawi alimwita Bi Lenzi, naye akaitwa Msumeno. Bi Lenzi alimsimulia kwamba amegundua spishi mbili: yenye mabawa na isiyo nayo, kila moja kwenye chupa yake, na lebo yake. Msumeno akacheka, akasema yeye huwaona wako pamoja kila mara, kama mtu na mkewe.

"Mpenzi, wewe kata matawi," Bi Lenzi alimtania.

Jumatatu moja Bi Lenzi alikuta shina limesuguliwa likawa jeupe. Wachuuzi walisema ni watu wa ovaroli za chungwa. Alimpigia Msumeno simu papo hapo.

"Ulijua hawana kwingine. Ulijua."

Msumeno alianza kueleza, simu ikakatwa. Haikupokelewa tena.

Wiki ya pili Msumeno alibisha hodi maabara, amevaa shati lililopigwa pasi, amekumbatia sanduku la viatu lililotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na ganda la gome, na utando juu yake. Alisema amri ya manispaa ya kusugua mti ilipotoka, aliwahi alfajiri kabla ya wenzake, akalibandua.

Bi Lenzi aliliweka chini ya hadubini. Dume mwenye mabawa alimzunguka jike asiye nayo, akitikisa mabawa yake, akasogea, akarudi, akasogea tena, mpaka jike akatulia wakaungana. Spishi moja. Mtu na mkewe.

Akabandua lebo zote mbili polepole.

"Nisamehe. Uliniambia, nikakucheka."

"Mama ndiye aliyekuwa akiwanyunyizia maji kila asubuhi," alisema Msumeno, akitazama viatu vyake. "Aliniuliza sanduku lililoko dirishani ni la nani. Nikamwambia la mkwe wake."

Kwenye kioo, wale wawili walikuwa bado pamoja.

"Basi mwambie," alisema Bi Lenzi, jicho bado kwenye hadubini, "mkwe wake anakuja Jumapili kumshukuru."