Upande wa Pili wa Santuri

Giza lilikuwa linaanza kuingia Maige alipofungua nyumba ya marehemu Bibi Champaben, kule Isamilo. Majuto ni mjukuu, na ya Maige yaliletwa na mjukuu mwenyewe. Riddhi, mjukuu wa bibi huyo, ndiye aliyempa ufunguo.

"Kachukue ile santuri, kaka Maige. Bibi alisema iwe yako."

Iwe yake! Akapanda ngazi.

Miaka tisa alimpikia bibi yule, na kila jioni walisikiliza pamoja santuri moja: fidla na okestra, muziki wa karne iliyopita. Mwanzoni Maige aliona ni paka wanagombana tu. Bibi akamfundisha.

"Sikiliza. Fidla inaomba msamaha, wenzake wanakataa. Upande wa pili ndipo wanakubali."

Sasa, upande huo wa pili Maige aliukwaruza siku moja akifuta vumbi, akanyamaza. Ndiyo maana jioni ile ya mwisho bibi alipoita, "Maige, geuza," alijifanya anaosha vyombo. Bibi akaita mara tatu. Ya tatu sauti ilikuwa ndogo sana... Alipokwenda, alimkuta ameshakata roho kitini.

Hakumwambia mtu.

Sebuleni kulinukia mafuta ya nazi, yale ya nywele za bibi. Umeme ulikatwa tangu msiba.

Kwich... kwich... kwich...

Santuri ilikuwa inazunguka kwenye gramafoni.

Moyo ulimwambia akimbie. Mkono haukusikia. Uliinua sindano, ukageuza santuri. Fidla ikaanza chini, taratibu, tamu mpaka machozi yakamlenga. Ikafika kwenye mkwaruzo, ikarudi nyuma. Ikafika, ikarudi. Na kila iliporudi, kutoka kitini mtu alinong'ona.

"Maige..."

"Maige..."

Akapiga magoti. "Bibi, nilikusikia. Siku ile nilikusikia. Nisamehe."

Sindano ikavuka. Okestra nzima ikaijibu fidla, ikaenda nayo hadi mwisho. Kisha kimya. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa na joto.

Santuri anayo mpaka leo, na mkwaruzo uko palepale. Kama alisamehewa, au alisikilizwa tu, hajui. Mkewe, Bernadeta, anasema siku hizi Maige haitwi mara mbili. Jioni akiwa anaosha vyombo huitika ghafla, "Naam, Bibi," akatoka mbio na povu mikononi.

Na hakuna aliyeita.