Antena Isiyokauka

Mimi ni mtu wa kinyaa. Glasi ikiwa na alama ya mdomo wa mwenzangu, siinywei hata kwa kiu ya namna gani. Kwa hiyo haya yaliyompata mume wa dada yangu nayasimulia kwa shida, na kila nikifika katikati mate hunijaa mdomoni.

Shemeji tulimwita Spika. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la matangazo, lile lenye vipaza sauti viwili juu, akipita mtaa kwa mtaa kutangaza maji yatakatika lini, nani kafariki, mtoto wa nani kapotea. Alikuwa na sauti nzito, tamu, ya kumfanya mtu aache kufua atoke mlangoni. Dada alishakiri kwamba aliipenda sauti kwanza, mwenyewe akaja kumwona baadaye. Nyumba yao nzima ilitegemea koo lile.

Jumamosi moja asubuhi nilimwomba lifti nikanunue zipu na nyuzi, maana mimi ni fundi cherehani. Akasema tupitie kwanza kwa fundi wa redio za magari. Waosha magari walikuwa wamemvunjia antena, na yeye bila redio kati ya tangazo na tangazo hujiona kama yuko kifungoni.

Fundi akapanga vitu mezani. Kulikuwa na antena bapa yenye umbo la pezi, ya kubandika juu ya paa, lakini paa la Spika lilishajaa vipaza sauti. Kulikuwa na ya utepe wa kubandika kiooni. Kioo nacho kilikuwa kimejaa mabango ya watu. Ya kuvuta kwa mkono Spika akaikataa, akidai wapita njia wataipinda siku ya kwanza. Ikabaki fupi ya mpira, urefu wa kidole. Hiyo mimi niliipenda kwa sababu moja tu: ilikuwa mpya, ingali ndani ya nailoni yake. Fundi alikiri kwamba ukishuka bondeni haishiki vizuri, ila haijawahi kumsumbua mtu.

Ndipo Spika akaona boksi chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na antena ya umeme, ile inayopanda yenyewe ukiwasha gari na kujirudisha ndani ukizima. Fundi hakufurahi. Alisema aliing'oa kwenye gari lililopondeka, na mwenye gari hakutoka mzima.

"Nimeifuta kwa petroli mara tatu," akasema kwa sauti ya chini. "Haikauki."

Spika akacheka, akamwambia chuma hakitoki jasho. Mwanamume akishapenda kitu kinachojiendesha chenyewe, usijichoshe kumshauri.

Ikafungwa ubavuni, juu ya tairi la nyuma. Gari likawashwa, antena ikapanda taratibu ikivuma, redio ikakoroma. Sasa Spika alikuwa na mazoea yake tangu enzi za redio za betri: akitaka kujua kama antena inashika, hulamba vidole viwili na kuibana nchani. Akafanya hivyo. Redio ikasafika papo hapo. Alipotoa mkono, uzi wa ute ulivutika kutoka kwenye chuma hadi vidoleni, mrefu, kama ute wa yai. Mwenzangu hakujali. Akalamba vidole vilevile, na ute wake, akabana tena aone kama itashika zaidi. Nilienda kusimama mbali nisitapike mbele za watu.

Siku zilizofuata, kila ilipopanda ilipanda imelowa. Ilinuka kama mdomo ulioamka bila kupigwa mswaki, na nzi wakaizoea. Kati ya stesheni na stesheni, redio ilitoa sauti ya mtu anayemeza mate. Dada akaniambia mumewe hasikii tena ladha, chumvi na sukari kwake vimekuwa kitu kimoja, na sauti imeanza kukwaruza. Alimchemshia maji ya kusukutua asubuhi na jioni, hayakusaidia.

Jumatano, saa nane mchana, Spika alipewa tangazo la mtoto wa miaka minne aliyepotea tangu asubuhi. Nilipanda naye nimsaidie kuangaza macho huku na huku. Akashika maikrofoni, akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akakohoa, akajaribu tena. Pumzi tu.

Redio ilikuwa imezimwa. Niliizima kwa mkono wangu mwenyewe. Ikatangaza.

Ilikuwa sauti yake. Nzito, tamu, ileile. Ilitaja umri wa mtoto, shati lake, rangi ya viatu vyake. Halafu ikalamba midomo. Wote wawili tulisikia.

Nikageuka nyuma. Antena ilikuwa imesimama nje ya kioo. Haikuwa chuma. Ilikuwa nene, ya waridi, yenye vipelevipele, na ncha yake ilikuwa inapapasa hewa. Ikainama. Ikalamba kioo cha nyuma, polepole, kutoka chini hadi juu.

Hatukujua tulifikaje kwa fundi. Alipoiona alikimbilia vifaa vyake. Alivaa glavu, akaibana kwa koleo. Ndani ya gari Spika akajikunja, akashika mdomo kwa mikono miwili. Fundi akalegeza, Spika akapumua. Akabana tena. Spika akatokwa na machozi. Fundi akanitazama.

"Dada, nikate au niache?" akaninong'oneza.

Spika alikuwa anatikisa kichwa. Nilimwona, sitasema sikumwona. Lakini kile kitu kilikuwa kimejiviringisha kwenye mkono wa fundi, kinamlowesha mpaka kwenye kiwiko, na kinyaa kikanishinda akili.

"Kata," nikasema.

Hakikukatika. Kilichomoka kwenye koleo, kikajivuta ndani ya tundu kwa mvumo uleule. Tulipofungua buti hatukukuta mota wala waya. Kasha ambamo mota ilikuwa imefungwa lilikuwa limejaa mate ya vuguvugu hadi ukingoni.

Mtoto yule alipatikana jioni kwa shangazi yake, mzima, amelala. Sauti ya shemeji haikupatikana. Hospitali walimmulika kooni, wakasema kila kitu kipo, ulimi hauna hata mchubuko. Gari likaenda kwenye vyuma chakavu. Dada hajui ni nani aliyesema lile neno. Spika anajua, ana kalamu na daftari, na mpaka leo hajamwandikia.

Jana niliwatembelea. Tulikuwa sebuleni, mchana mweupe, wakati jirani alipowasha gari lake nje. Mdomo wa shemeji ukafunguka. Ulimi ukaanza kutoka, taratibu, ukivuma, ukapita kidevu, na macho yake yalikuwa yananitazama mimi. Dada hakushtuka. Alitoa kitambaa begani, akaufuta kutoka shinani hadi nchani, kwa upole wa mtu aliyeshazoea, akasubiri jirani azime. Kisha akanipa kile kitambaa nikakitie kwenye beseni. Kilikuwa na grisi nyeusi, na ilikuwa bado ya moto.