Mvua Ndani ya Sebule ya Luisa

Luisa na mumewe Mansuetus wanalima kahawa kijijini Matiri. Walipojenga nyumba mpya, waliweka sebuleni mlango wa kioo, ule wa kusukuma pembeni. Ulipendeza sana. Lakini kila mvua ya upepo iliponyesha, maji yaliingia ndani.

Mansuetus alijaribu matambara. Yakaloa. Akabandika vipande vya godoro. Vikanyonya maji, vikaoza, na mlango ukawa mgumu. Siku moja mama yake, bibi Edina, aliteleza kwenye maji akaumia nyonga. Tangu hapo mvua ikianza, hakutoka chumbani.

Mansuetus alikasirika. Alinunua gundi ya silikoni, akapaka kila palipokuwa na nafasi. Kesho yake mlango haukusogea hata kidogo. Na mvua ya mchana ikaingia vilevile.

"Baba Joakim, sasa tuna mlango usiofunguka na sebule inayovuja," Luisa alimwambia mumewe. "Nimechoka kukamua matambara. Namwita fundi."

Fundi alikuwa Siwema, mwanamke anayetengeneza milango ya alumini Mbinga mjini. Alimwamkia bibi, kisha akapiga magoti na kukwangua gundi kwa kisu. Mansuetus alimuuliza kwa ukali ni kitu gani basi kinachofaa, maana yeye amejaribu vyote.

"Hakuna kimoja cha kila mahali, kaka," Siwema alijibu. "Jiulize kwanza, hapa panasogea au hapasogei? Fremu na ukuta havisogei. Hapo paka silikoni. Pale mlango unapopita ukiteleza, weka utepe wa manyoya, wenye nywele fupi kama za brashi. Unaziba nafasi bila kuuzuia mlango. Pale mlango unapokuja kubana fremu, weka ukanda wa mpira."

Kisha akawaonyesha vitobo vidogo kwenye reli ya chini ambamo mlango huteleza, upande wa nje. Vilikuwa vimejaa gundi. Alieleza kwamba maji kidogo huingia kwenye reli siku zote, na hutoka kupitia vitobo hivyo. Yakikosa njia, humwagika ndani. Aliyeviziba ni Mansuetus mwenyewe.

Siwema alizibua vitobo, akaweka utepe na mpira. Aliwaambia wasafishe reli kila wiki, na wabadilishe utepe manyoya yakilala.

Siku chache baadaye mvua ya upepo ilipiga kioo saa nzima. Maji yalitoka kwenye vitobo, yakamwagika nje. Luisa alipapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Akamwita mama mkwe wake.

Bibi Edina alitoka polepole, ameshika ukuta. Alifika mlangoni, akaomba kiti. Akakaa hapo akitazama mvua mpaka ilipokatika.