Herufi Nene za Gaudiosa

Gaudiosa alikuwa juu ya ngazi karibu na stendi ya Babati, akichora bango la muuza chipsi, Cornel alipopita chini na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Tone la rangi nyekundu likamdondokea begani.

"Dada, umeniharibia shati!"

"Pole kaka. Si ungepita upande wa pili?"

Cornel akainua uso amgombeze. Akamwona msichana aliyevaa ovaroli la bluu na hereni kubwa, na nyuma yake maandishi ya ajabu: herufi nene, zenye vitambi, zimeegemeana kama watu walioishiwa nguvu kwa kicheko. Naye akacheka bila kutaka.

"Nichoree hizo kwenye saluni yangu. Mimi ni kinyozi."

"Saluni sawa, chipsi sawa, chekechea sawa. Ila usiniambie nizichore kwenye msalaba wa kaburi. Waombolezaji watacheka."

Akamchorea. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi.

Siku moja Gaudiosa alifika saluni, akamkuta Cornel amempa mgongo, anaongea kwenye simu na mama yake aliyeko Dareda.

"Sina mtu, mama. Yule? Ni mchora mabango tu."

Gaudiosa akatoka kabla Cornel hajageuka. Hakulia. Alichotaka ni kumuumiza, tena mbele za watu.

Jumamosi alfajiri aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa saluni. Maneno yale angeweza kuyaandika kwa herufi za kawaida, lakini watu wangeyasoma na kupita. Akachora zile nene, ili hata atakayemwonea Cornel huruma ashindwe kuzuia kicheko:

CORNEL HANA MTU. AMESEMA MWENYEWE.

Kulipokucha, bajaji zilikuwa zinapunguza mwendo pale. Wasichana wa sokoni wakachungulia mlangoni. "Kaka Cornel, eti kuna nafasi?"

Cornel akampigia Gaudiosa. "Njoo ufute! Mji mzima unanicheka."

"Na bado."

"Mpenzi, nisamehe. Mama ameshanitafutia mchumba. Niliogopa kumwambia."

"Ukaona bora unikane. Haya, nakuja."

Alikuja na kitambaa na chupa ya mafuta ya taa, akasimama katikati ya wateja, mikono kaikunja.

"Mpigie mama yako. Weka spika."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao."

Cornel akapiga, jasho likimtiririka. "Mama, nilikudanganya. Nina mtu. Anaitwa Gaudiosa. Ndiye ninayetaka kumuoa."

Wateja wakasogelea simu.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Yuko hapa."

"Mpe simu."

"Shikamoo mama," alisema Gaudiosa.

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli alikukana?"

"Alinikana, mama. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Basi usimsamehe upesi."

Wateja wakapasuka kwa kicheko. Gaudiosa naye akacheka, akamrudishia Cornel simu, akabeba kitambaa chake na kuanza kuondoka.

"Gaudi! Utafuta lini?"

"Siku utakayokuja Singe kwa wazazi wangu," alijibu bila kugeuka. "Na uje na mama."