Taa ng'ambo ya mbuga

Rafiki yangu Otmar alikuwa mpiga ishara katika vita vya Kagera. Redio zilipozimwa ili adui asisikie, yeye na Leodgar waliongea kwa taa, kilima kwa kilima, herufi moja moja. Leodgar aliuawa, Otmar ndiye aliyemzika.

Vita vilipokwisha alikwenda Ushirombo kumpa mama wa marehemu habari.

“Shikamoo, Mama Leodgar.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda! Jeshini hamkupewa ugali? Mwenzako umemwacha wapi?”

Otmar alifungua kinywa. Giza lilikuwa limeingia. Vyura wakanyamaza wote, na ng'ambo ya mbuga taa ikaanza kuwaka na kuzima.

“Wachimba dhahabu hao,” mama alisema.

Otmar alisoma herufi moja moja, kwa mwendo wa mkono alioufahamu: “Usimwambie mama.”