Nani Kakwambia Nungu ni Dume?

Mtoto alikuwa akilia. Kilio kilitoka upande wa kuku katika soko la Kariakoo, kirefu na chembamba, kilio cha mtoto aliyeachwa peke yake, na wanawake waliokisikia waliacha kupatana bei.

"Jamani, mtoto wa nani huyo?"

Mama mmoja alitua kapu lake la muhogo. Mwingine akainama kuchungulia nyuma ya matenga. Hamdiya, aliyekuwa akinunua uzi mweupe, aliusahau uzi wake akakimbia na wenzake, buibui likimpiga miguuni, mpaka wakafika mbele ya duka la kamba na mikeka kwenye kona ya Mtaa wa Kongo.

Hapakuwa na mtoto. Alikuwepo kijana mrefu amesimama juu ya robota la katani, mikono ya kanzu ameikunja hadi viwikoni, kofia ameipeleka kisogoni, gazeti amelifunua mbele ya uso. Akavuta pumzi, na kile kilio kikatoka tena kinywani mwake.

"Hivyo ndivyo alivyolia Komba," akasoma, "alipopanda mnazi akakuta kibuyu cha tembo kitupu."

Watu wakaangua kicheko. Mama wa muhogo akamrushia ganda. "Azzan! Mtoto huna adabu wewe! Umenitia roho juu!"

"Shikamoo, mama. Mlaumu Komba, mimi nasoma tu."

Huo ulikuwa mwaka 1934, na kila mwanzo wa mwezi, gazeti la Taa ya Mji lilipotoka, Azzan aliwasomea wasiojua kusoma kisa cha wanyama wa Mtaa wa Vichakani. Kisa kilikuwa katika mwaka wake wa pili sasa. Soko zima lilimjua Komba, mpiga makelele, anayelala mchana kutwa. Na Nungu mwenye miiba, asiyependa mzaha. Na Kicheche, anayenuka na hana habari kwamba ananuka. Mwandishi alijiita Mkaa Kivulini. Watu walikisia kuwa ni mwalimu wa shule fulani, au karani wa Posta, au mzee mwenye wajukuu wengi.

Mkaa Kivulini alikuwa amesimama pale na wanawake wa soko, mkono kifuani, bado anahema. Kaka yake, Salem, mpanga herufi kwa mpiga chapa, ndiye aliyezipeleka kurasa zake gazetini. Na shangazi yao, Bi Mauza, alijua kwa sababu katika nyumba ile hakuna asilolijua. Wengine hawakujua. Kwa mara ya kwanza Hamdiya alikuwa akiyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na watu wakiyacheka mahali alipotaka wayacheke. Alijifunika uso kwa pindo la buibui. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakutaka kuulizwa sababu.

Azzan alipomaliza aliruka chini. "Haya. Sasa maoni yangu."

"Tulijua tu!" wakasema.

"Kisa ni kitamu, sikatai. Pale Kicheche anapokwenda kuposa amejipaka mafuta ya karafuu, nimecheka peke yangu kama mwehu. Lakini kwa Nungu nimeudhika. Nungu yule, dume la haja, mtu na heshima zake, leo anamwonea Komba haya? Anazungumza akichora chini kwa kidole? Huyo si Nungu ninayemjua mimi. Mkaa Kivulini amepitiwa na usingizi mwezi huu."

"Nani kakwambia Nungu ni dume?"

Watu waligeuka. Sauti ilitoka ndani ya buibui.

Azzan alimtazama. Aliona macho mawili yaliyopakwa wanja, makali, mekundu kidogo. "Bibi, mwenye miiba mgongoni namna ile ni mwanamume."

"Hujakutana na shangazi yangu."

Soko likacheka tena, na safari hii Azzan ndiye aliyechekwa. Kwa kawaida alikuwa hapendi kuchekwa. Mtaani walimwita Nungu kwa sababu hiyo hiyo, na jina lilimpendeza. Lakini siku ile alijikuta anacheka na wenzake, na yule binti alipoondoka, akaona kando ya matenga ya kuku donge la uzi mweupe lililolipiwa lakini halikuchukuliwa. Akauliza ni wa nani, akaambiwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kwenda nyumbani kwa Bi Mauza. Sababu ya pili aliitafuta mwenyewe: alitaka kushonewa kofia.

"Kaa hapo kizingitini," Hamdiya alimwambia, "nikupime kichwa." Akazungusha uzi juu ya masikio yake, vidole vyake vikinukia asumini. "Ala! Hiki kichwa au boga?"

"Kimejaa akili."

"Kimejaa Komba."

"Usimtukane Komba. Nikwambie kitu, na usinicheke?"

"Sikuahidi."

"Mimi chuoni nilisoma Kurani, nikajua herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu sikuzijua. Siku moja nikamsikia mtu anasoma habari ya Nungu, akafika mahali pazuri, akakunja gazeti akaenda zake. Nikasema, haiwezekani! Nikajifunza, herufi moja moja, kwenye maboksi ya dukani. Mtu mzima na ndevu zangu. Yule Mkaa Kivulini, popote alipo, Mungu amweke. Namgombeza kila mwezi, lakini ndiye aliyenifumbua macho."

Hamdiya hakucheka. Alijichoma sindano kidoleni.

"Nasikia kumekuwa kimya huko!" Bi Mauza alipaza sauti kutoka ndani. "Kichwa hakijaisha kupimwa?"

"Ni kikubwa, shangazi!"

Kofia ile ilichukua miezi. Kila Azzan alipokuja kuiulizia, ilikuwa imebaki vitobo vichache. Akaja na tende, akaja na halua, na kila gazeti jipya akaja na maoni yake, na Hamdiya akayapinga yote, huku kurasa zake zikizidi kuwa nzuri kwa sababu sasa alijua zinasomwa na nani. Aliandika akimsikia. Komba alianza kupiga makelele kwa sauti ya Azzan, na kuahidi makubwa kama Azzan, na kupenda kama yeye, bila kujua kunyamaza.

Ndipo Bwana Ubeid, mfanyabiashara wa samli, alipoleta neno la kumposa Hamdiya. Bi Mauza alilipokea kwa adabu, kisha akatoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni, Azzan akiwa kizingitini.

"Mwenye samli nimemwambia atapata jibu Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Kama yupo mwenye neno jingine, asije Jumamosi." Akarudi ndani.

Azzan alimgeukia Hamdiya. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea. "Nikileta washenga, watarudi na jibu gani?"

Swali kama hilo binti wa nyumba ile hakulijibu kwa kinywa. Ingekuwa aibu. Hamdiya aliinamia kofia. "Soma gazeti la mwezi ujao."

"Nakuuliza habari ya maisha yangu, unaniambia gazeti! Komba na Nungu wananijua mimi?"

"Wanakujua. Nimewaambia mimi."

  Azzan alitazama vidole vya Hamdiya, na doa la wino kando ya kidole cha kati ambalo siku zote alidhani ni alama ya sindano.

"Wewe?"

"Polepole!"

"Na mimi nikasema umepitiwa na usingizi!"

"Mbele ya watu."

"Na kwamba hujui nungu anakula nini!"

"Na kwamba nikaulize wakulima. Niliuliza. Nilikuwa sahihi."

Kijana yule, aliyekuwa hamshukuru mtu kwa urahisi, alivua kofia yake kuukuu akaiweka gotini. "Hamdiya," alisema, "ahsante. Sijui niseme nini kingine. Ahsante kwa kila mwezi."

Gazeti lilitoka Jumatatu. Azzan alipanda juu ya robota na kanzu mpya, watu wamejaa hadi katikati ya njia. Akasoma vizuri mpaka safu ya mwisho.

"Jioni ile Nungu alifunga mlango wa shimo lake. Aliwaaga jirani zake mmoja mmoja, akalia hata miiba ikatikisika, akaondoka asigeuke nyuma. Na juu ya mti wake, Komba akaimba mpaka kukacha."

Watu wakamngoja aendelee.

"Enhe?" akauliza mama wa muhogo. "Akaenda wapi?"

"Mwisho," alisema Azzan. Akashuka. Siku hiyo hakutoa maoni.

Nungu alikuwa yeye. Soko zima lilimwita hivyo. Nungu ameambiwa afunge mlango wake, alie, aondoke asigeuke nyuma. Na yeye Hamdiya, juu ya mti wake, anaimba! Amefukuzwa mbele ya Kariakoo nzima, na amejisomea hukumu hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Kichwa kilimwaka moto. Ami yake, mwenye lile duka la kamba na mikeka, alikuwa akimsihi siku nyingi akafungue duka jingine Morogoro. Jioni hiyo alimkubalia.

Nyumbani kwa Bi Mauza zulia lilikung'utwa, ubani ukafukizwa, vikombe vikapangwa. Jumanne hawakuja washenga. Jumatano hawakuja. Kofia ilikuwa imekwisha, nyeupe, imekunjwa juu ya meza ndogo. Hamdiya aliipa mgongo ili asiione.

Alhamisi mchana Salem aliingia, mikono bado myeusi kwa wino. "Rafiki yenu anapakia lori la Morogoro pale Msimbazi. Nimemuuliza, ana nini? Ananijibu kwamba Nungu ameambiwa aondoke, basi anaondoka."

"Nungu ndiye aliyeambiwa?" Hamdiya alisimama. "Kwani yeye ni..."

 Akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. "Shangazi! Amejifanya Nungu! Nungu ni mimi!"

"Mimi nilijua kuwa ni wewe," alisema Bi Mauza, akivuta buibui lake. "Miiba ile nimeilea. Haya, chukua hiyo kofia. Huendi peke yako."

Msimbazi lori lilikuwa linanguruma, wapagazi wanapeana makapu, vumbi jekundu limetanda. Azzan alikuwa ameketi juu kabisa ya mzigo, mgongo amewapa watu. Hamdiya alisimama chini. Binti wa kwao hamwiti mwanamume kwa jina njiani, hata siku kama hiyo. Alimtazama shangazi yake. Bi Mauza akatazama pembeni, kama mtu aliyeona kitu cha maana sana kwenye dirisha la fundi cherehani.

Hamdiya akavuta pumzi, akalia.

Kilikuwa kirefu na chembamba, kilio cha mtoto aliyeachwa peke yake.

"Jamani, mtoto wa nani?" Wapagazi walisimama. Mama wa muhogo, aliyekuwa akipita na kapu lake, alimtazama Azzan moja kwa moja. Safari hii si Azzan aliyelia. Aligeuka. Akamwona. Akateremka kwenye ule mzigo hivi hivi, akipasua kanzu kwenye msumari.

"Umekuja kuniimbia na hapa?" alisema kwa hasira.

"Siku ya kwanza nilikuuliza nini?"

"Sijui."

"Mbele ya kuku. Nilikuuliza nini, kichwa boga?"

Azzan alikunja uso. "Uliniuliza... nani kakwambia Nungu ni dume."

"Na nani alikwambia?"

Azzan aliitazama kanzu yake iliyopasuka.

"Nungu ni mwanamke, Azzan. Tangu ukurasa wa kwanza. Ni mimi. Na Komba, anayepiga kelele mpaka watu wanatafuta mtoto, ni nani? Nungu amefunga nyumba ya kwao. Amewaaga jirani. Amelia. Sasa bibi arusi asipolia akiondoka kwao, watu watasema nini? Watasema alikuwa na haraka!"

"Na Komba akaimba mpaka kukacha," Azzan alisema polepole.

"Si bwana arusi? Ulitaka alale?"

Mama wa muhogo alitua kapu. "Kumbe ningekaa mwezi mzima sijui kwamba Nungu ameolewa! Na wewe Azzan ukatusomea mpaka tukalia!" Kisha akamkazia macho Hamdiya, akayaona yale macho ya wanja, akaziba kinywa kwa mkono. "Ni wewe? Mwanangu, ni wewe? Mume wangu alipokufa, kitu pekee kilichonichekesha ni Kicheche. Mungu akupe, mwanangu. Mungu akupe."

Hamdiya akaushika mkono wa mama yule. Siri yake ilikuwa imekwisha, na hakuona uchungu hata kidogo.

Bi Mauza akakohoa. "Kesho Ijumaa," akasema hewani. "Mimi nakumbusha tu."

Dereva wa lori akapiga honi. Azzan alimpungia aende zake. Kamba na mikeka vikaondoka kwenda Morogoro bila mwenyewe. Hamdiya akamnyooshea kofia. Azzan akaivaa. Ilimkaa sawasawa, vitobo vyake vidogo vikipitisha jua la mchana.

"Shikamoo, Bi Mauza," alisema, na sauti yake kubwa ikarudi, hata wapagazi ng'ambo ya njia wakaisikia. "Kesho kabla ya adhuhuri washenga wangu watakuwa mlangoni kwako. Na wewe, Hamdiya, nakuahidi mbele ya hawa wote: kila utakachoandika nitakisoma kwa sauti maisha yangu yote, na nikikasirika, nitakuja kwanza kukuuliza ni nani dume na ni nani jike, kabla sijafunga mzigo."